Kukonda: Tegu Asibebeshwe Lawama Zote

Mtu anapokonda ilhali anakula vizuri, majirani huwahi kusema ana minyoo. Dawa hununuliwa dukani, humezwa, na miezi hupita. Dhana hiyo ina chembe ya ukweli, lakini ikiachwa iongoze matibabu humcheleweshea mgonjwa uchunguzi anaouhitaji.

Tegu humpata mtu aliyekula nyama ya ng'ombe au ya nguruwe isiyoiva, yenye viluwiluwi vyake. Hukua katika utumbo mwembamba, hufikia urefu wa mita kadhaa na huweza kuishi humo kwa miaka. Hata hivyo, chakula anachomnyang'anya mwenyeji wake ni kidogo. Wengi hawaoni dalili yoyote ila vipande vyeupe, bapa, katika kinyesi au nguo ya ndani. Baadhi hupata kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kupungua uzito kwa kiasi.

Kwa hiyo, mtu mzima aliyepoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia hapaswi kuondoka kituoni na dawa ya minyoo peke yake. Kifua kikuu, VVU, kisukari na saratani vichunguzwe kwanza. Tena, dozi moja ya albendazoli, inayotumiwa kwa minyoo mingine, haitegemewi kumwondoa tegu.

Kumpuuza tegu nako ni hatari. Mayai ya tegu wa nguruwe, yakitoka na kinyesi na kuingia kinywani kwa mikono au chakula kichafu, huzaa viluwiluwi vinavyoweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba, katika maeneo mengi ambako watu huishi karibu na nguruwe wanaozurura, tegu huyo husababisha takribani asilimia 30 ya kifafa. Wanaokula chungu kimoja na mgonjwa wamo hatarini pamoja naye. Prazikwanteli humwua tegu, lakini huweza kuamsha kifafa kwa mwenye viluwiluwi kwenye ubongo. Mhudumu aulize kwanza historia ya kifafa na maumivu makali ya kichwa.

Mgonjwa aliyeona vipande aseme bila haya, na mhudumu ampime uzito kila ahudhuriapo. Tegu akishatoka na mwili ukazidi kupungua, chanzo kingine kitafutwe bila kuchelewa.