Nani alikula siku za akiba?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nami nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo wananchi wengi tumekuwa tukilishangilia bila kulichunguza. Jambo lenyewe ni hili la kiongozi kufika kwenye mradi uliochelewa, kumsimamisha mkandarasi au fundi mbele ya umma na kumpa onyo kali. Watu hupiga makofi. Mimi nami nimepata kuyapiga. Lakini siku hizi, kabla ya makofi, najiuliza kwanza: hizo siku zilizopotea zilipotelea mikononi mwa nani?

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ninaishi hapa Kibeta, Bukoba. Si mhandisi. Chuoni nilisomea ualimu, na mambo ya ujenzi nimeyajua kwa kulazimika, maana mwalimu wa kijijini huweza kuwekwa kwenye kamati ya ujenzi leo na kamati ya mapokezi ya vifaa kesho, huku vipindi vyake vikimsubiri.

Miaka michache iliyopita, katika shule ya kijijini niliyokuwa nikifundisha, tulipata fedha za kujenga vyumba viwili vya madarasa. Shule sitaitaja, wala ofisi iliyohusika, kwa sababu sina nia ya kumchafua mtu. Nilikuwa katibu wa kamati. Mkataba ulimpa fundi siku 100, kuanzia Juni 10 hadi Septemba 17. Fundi mwenyewe, mtu mzima mwenye uzoefu, alipiga hesabu yake kwenye karatasi akasema kazi yenyewe ni siku 79. Zile 21 zilizobaki zikawa za akiba. Sote kikaoni tulizijua, lakini hakuna aliyeandika kwamba ni za nini, wala ni za nani. Hapo ndipo tulipokosea.

Juni 10 ilifika, fundi akafika na vibarua wake, saruji haikufika. Mara sahihi za benki hazijabadilishwa tangu mwalimu mkuu wa zamani ahamishwe, mara mchoro umerudishwa kurekebishwa. Tulipouliza tuliambiwa tusiwe na wasiwasi, kwa sababu mkataba una siku za akiba nyingi. Tukacheka, tukarudi darasani. Saruji na mawe vilishushwa Julai 4. Siku 24 zilikuwa zimekwenda, yaani akiba yote pamoja na siku tatu juu yake, na fundi hajachimba hata shimo moja.

Baadaye kuta zilipofika kwenye lenta, mbao na mabati vikachelewa siku nyingine 11, kwa sababu maombi ya ununuzi yalirudishwa yaandikwe upya. Wakati huo mawingu ya Septemba yalikwisha kuanza kukusanyika ziwani. Mvua ikatupotezea siku sita. Fundi akapata msiba, akaenda kuzika, siku tatu. Jengo likakabidhiwa Oktoba 10, yaani siku 23 baada ya tarehe ya mkataba.

Fundi alikatwa siku 23 zote.

Kwenye kikao cha makato nilikuwapo na daftari la mradi mkononi. Nilifungua nikaanza kusoma. Tarehe ya kupokea saruji ilikuwapo, na ya mabati pia. Lakini tarehe tuliyoomba saruji haikuwapo, na ya kuomba mabati haikuwapo. Nilikuwa nimeandika kilichofika, sikuandika kilichosubiriwa. Mjumbe wa ofisi akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, una ushahidi gani kwamba tulichelewa?" Sikuwa nao. Nikatia sahihi muhtasari kama wenzangu. Mmoja wa vibarua ambao hawakumaliziwa ujira wao alikuwa mzazi wa mwanafunzi wangu wa darasa la tatu, na darasa hilo ndilo lililokuwa likisoma chini ya mti, mvua ikinyesha watoto wanarudi nyumbani. Nimekaa na jambo hilo muda mrefu, ndiyo maana naandika leo.

Ndugu Mhariri, hesabu yenyewe ni nyepesi. Siku zilizopotea zilikuwa 44. Kati ya hizo, 35 zilipotelea kwenye fedha na vifaa, sita ni za mvua na tatu ni za fundi. Ukiondoa akiba ya siku 21 unabaki na 23. Sasa swali ni hili: ile akiba aliitumia nani? Aliyefika kwanza. Na anayefika kwanza siku zote ni mwenye fedha, kwa sababu fedha ndiyo hutangulia na kazi hufuata. Fundi anakuja kudaiwa mwishoni, akiba imekwisha, na kila siku inayopotea hapo inaonekana ni yake. Laiti saruji ingefika Juni 10, kwa hesabu yake ya siku 79 angekabidhi jengo Agosti 27, kabla ya mvua, na msiba ungemkuta tayari amekwisha kulipwa.

Nimeona kwamba wataalamu wamelijadili jambo hili huko duniani. Uingereza kuna chama cha sheria za ujenzi kilichotoa mwongozo wake mwaka 2002 na kuurekebisha mwaka 2017. Mwongozo huo unasema kwamba mkataba usipotaja, muda wa akiba si mali ya mwenye mradi wala ya mkandarasi. Ni wa mradi, na autumie anayeuhitaji kwanza. Mtu akisikia hivyo ataona ni haki tupu. Mimi sikubaliani. Labda kwa makampuni makubwa yenye mawakili, lakini kijijini utaratibu wa anayetangulia ni utaratibu wa ofisi kula akiba yote kabla fundi hajashika mwiko.

Walimu wenzangu watanielewa upesi. Katika azimio la kazi tunaacha wiki ya marudio mwishoni mwa muhula. Mwalimu akiitumia wiki hiyo mwanzoni, kwa sababu vitabu havijaletwa, mwisho wa muhula hana pa kukimbilia, na mkaguzi akija atamwona yeye ndiye mzembe. Vitabu havikaguliwi.

Tena si kila kuchelewa kunachelewesha jengo. Milango ikichelewa wiki mbili wakati kuta ziko kwenye usawa wa madirisha, hakuna kilichoharibika, seremala ana nafasi. Lakini saruji ya msingi ikichelewa siku moja, jengo zima limechelewa siku moja, maana ukuta haupandishwi hewani. Wamarekani wa kampuni ya DuPont walianza kupanga kazi kwa hesabu ya namna hii tangu mwaka 1957, ila fundi wetu aliijua bila kufundishwa na mtu. Kwa hiyo anayesema "tumechelewesha kidogo tu" aulizwe kwanza amechelewesha nini.

Na sisi wa Kagera tuna jambo letu la mvua. Bukoba hupata kadiri ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, Dodoma haipati hata theluthi moja ya hizo. Hata hivyo ratiba zikitoka hutoka moja kwa nchi nzima. Mwishoni mwa mwaka 2021 yalijengwa madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19, shilingi milioni 20 kila darasa, ili watoto wayakute Januari 2022. Ilikuwa kazi kubwa na ya kupongezwa, na ilionyesha kwamba fedha zikitoka kwa wakati ujenzi unakwenda. Lakini miezi ile, Oktoba hadi Desemba, kwetu huku ni ya vuli. Baba yangu husimulia kwamba wakati wa elimu ya msingi kwa wote, mwaka 1977 na baada yake, wazazi walipojenga madarasa kwa nguvu zao walifyatua matofali kiangazi na kuezeka kiangazi. Hawakuwa na mkataba, kalenda yao ilikuwa mawingu.

Miradi mikubwa nayo ina habari zake. Reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ilianza kujengwa mwaka 2017 ikitarajiwa kukamilika mwaka 2019. Abiria walianza kusafiri Juni 14, 2024. Daraja la Kigongo-Busisi, ambalo sisi tunaokwenda Mwanza tulilisubiri tukiwa kwenye foleni ya kivuko, lilianza Februari 2020 kwa mkataba wa miaka minne, likafunguliwa Juni 19, 2025. Sisemi nani alikosea huko, sikuwa mezani. Yapo pia mambo ambayo hayana mwenyewe, kama tetemeko lililotupiga Septemba 10, 2016. Hilo hakuna ratiba iliyolitaja. Lakini taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja zaidi ya mara moja riba ambayo umma hulipa kwa sababu wakandarasi wa barabara wamecheleweshewa malipo. Mkandarasi mkubwa akicheleweshewa hudai riba. Fundi wa kijijini akicheleweshewa hukatwa yeye.

Najua watakaosema kwamba mafundi wengine ni wazembe, wanashika kazi tatu kwa wakati mmoja na kusingizia vifaa. Ni kweli, nami nimewaona. Wapo pia wanaojaza siku za uongo kwenye ratiba ili wapumzike. Dawa yake ni ile ile: akiba iandikwe wazi, isifichwe. Mkataba useme siku za kazi ni 79 na siku za akiba ni 21, na kwamba hizo 21 ni za mvua, maradhi na mambo ya kwenye eneo la ujenzi, si za kusubiri fedha. Fedha au vifaa vikichelewa, tarehe ya mwisho isogezwe siku ile ile kwa maandishi, bila kugusa akiba. Mikataba ya kimataifa ya FIDIC, inayotumika hata katika barabara zetu, humtaka mkandarasi atoe taarifa ya madai ndani ya siku 28. Kwetu siku tatu zinatosha, kwa karatasi moja yenye sahihi ya fundi na ya katibu, nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji. Na katibu aandike tarehe mbili, ya kuomba na ya kupokea. Kwa uzembe wangu wa kutoandika ile ya kwanza, watu wazima na watoto wao waliumia.

Yule fundi nilikutana naye sokoni mwaka jana. Tulisalimiana vizuri, akaniuliza hali ya shule. Kazi za shule ameziacha, anajenga nyumba za watu binafsi. Nilimwambia kwamba kwa hesabu yangu alistahili kujadiliwa kwa zile siku tatu za msiba tu. Akasema hata hizo angezikubali.

Kwa hiyo naomba ofisi zinazohusika na mikataba ya mafundi zinijibu kupitia ukurasa huu: fundi aliyekatwa siku 20 ambazo si zake, na kamati ikakiri baadaye kwamba ilikosea, anarudishiwa kwa utaratibu gani, na aanzie mlango upi?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kibeta, Bukoba.