Javier ana somo wake, na alikaa kiti cha nyuma

JICHO LA JUMAPILI
Na Salome Mbawala

Jumapili iliyopita nilikuwa Kimara kwenye ubatizo wa mtoto wa mdogo wangu, nikarudi na hasira ambayo wiki nzima imekataa kupoa. Baba wa mtoto ni shemeji yangu, ambaye mimi humwita Shemeji Nimesoma-Kwenye-Simu. Safari hii alisoma jina.

Mtoto ameitwa Javier. Jina lilikuwa kwenye keki, kwenye maputo, hadi kwenye fulana za wajomba. Mshereheshaji alilitamka "Javia", mama mdogo mmoja "Javiye", na bibi mzaa mama akasema "Jafari", akasahihishwa mbele ya watu kama mtoto wa chekechea. Kisha Shemeji akashika kipaza sauti. Akatueleza kuwa jina ni la Kihispania, ni la kisasa, maana yake ni "mwangaza", na kwamba alilipenda tangu enzi za mshambuliaji wa Mexico, Javier Hernández, alipokuwa Manchester United. Akamalizia kwa kusema kuwa sasa majina ya kizamani yamekoma katika ukoo wao. Watu wakapiga makofi na vigelegele.

Kiti cha nyuma kabisa, karibu na masufuria ya pilau, alikaa baba yake mzazi, aliyesafiri kwa basi kutoka Songea. Jina la mzee huyo ni Xavery.

Niliweka sahani chini. Javier na Xavery ni jina moja! Katika Kihispania cha zamani herufi X ilisomwa "sh". Baadaye sauti hiyo ikashuka kooni ikawa "kh", ile ya kheri, na mwaka 1815 Wahispania wakarekebisha tahajia yao, X ya namna hiyo ikawa J. Kwa hiyo huko Madrid mtoto wetu angeitwa kitu kinachokaribia "Khavier", wala si "Javia". Wareno walibaki na X yao. Wamisionari waliofika kwetu walikuja na la Kilatini, Xaverius, likapita vinywani mwa bibi zetu likatoka Zaveri, Saveri, Ksaveri. Jina limezeeka nasi, limelima mahindi nasi, halafu leo mtu analicheka mbele ya mwenyewe.

Na huo mwangaza sijui aliutoa wapi. Javier ni mahali, kijiji chenye ngome katika jimbo la Navarra, kaskazini mwa Hispania. Tena neno lenyewe kwa asili si la Kihispania, ni la Kibasque, lugha isiyo na undugu na Kihispania. Etxe ni nyumba, berri ni mpya. Nyumba mpya, basi. Ni kama huku kwetu watu waanze kuwaita watoto wao Mjimpya kwa sababu mtu mkubwa alitokea Mjimpya.

Mtu mkubwa mwenyewe alibatizwa Fransisko. Alizaliwa mwaka 1506 katika ngome hiyo, akawa mmoja wa Wajesuiti wa mwanzo, na watu wakamtaja kwa kwao: Fransisko wa Javier. Mwaka 1541 alipanda meli Lisbon kwenda India, na mwaka 1542 meli ikatia nanga Malindi. Ndiyo, Malindi hii ya Kenya. Katika barua aliyoandika alipofika Goa anasimulia kuwa walimzika mwenzao mmoja hapo, na kwamba mzee wa mji alimlalamikia kuwa kati ya misikiti 17 ni mitatu tu iliyokuwa ikipata watu. Naipenda sana barua hiyo. Mwenye jina alikanyaga mchanga wa pwani yetu, akakaa na mzee, akamsikiliza.

Alifariki mwaka 1552 katika kisiwa cha China, akatangazwa mtakatifu mwaka 1622. Kuanzia hapo Wahispania wakawa wanawapa watoto wao majina yote mawili kwa pamoja, Francisco Javier, hadi Javier likazoea kutembea peke yake. Leo yote mawili yamo miongoni mwa majina yanayobebwa na wanaume wengi zaidi Hispania. Ila wengi wao ni watu wazima. Watoto wanaozaliwa sasa wanapewa zaidi Hugo, Martín na Mateo. Hata huko, ndugu yangu Shemeji, Javier ni jina la akina baba.

Nilisogeza kiti hadi kwenye masufuria.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akanyamaza kidogo. "Nilidhani huyu angekuwa somo wangu. Lakini vijana wana yao."

Nikamwambia ni somo wake. Hakuniamini. Nikatoa kalamu, nikayaandika majina mawili kwenye karatasi ya kufutia mikono, moja juu ya lingine, naye akapitisha kidole herufi kwa herufi. Akasema "kumbe" mara mbili. Akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati, akaenda kuomba ampakate mtoto. Alikuwa hajapewa tangu asubuhi.

Kosa kubwa la Shemeji ni hili: aliuliza simu kabla ya kumuuliza baba yake. Mzee angemwambia kuwa alitamani somo, bila kifurushi.

Shemeji, najua unaisoma safu hii kwenye simu hiyohiyo. Sikukuu ya Fransisko Ksaveri ni tarehe 3 Desemba. Siku hiyo mpigie baba yako, na umsogeze mtoto karibu, amsikie somo wake.