Kiingereza Kianzie Kwenye Karafuu

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilipoelekeza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, somo la Kiingereza lilibeba dhamana kubwa kuliko jina lake. Mtoto wa Micheweni asiyekielewa kitabu chake cha Kiingereza hapotezi somo moja tu. Anapoteza na hayo mengine.

Kwa hiyo uteuzi wa vitabu na vifungu vya kusomwa haufai kuamuliwa kwa uzuri wa picha. Kifungu kinachoanza na treni ya chini ya ardhi ya London humtwika mtoto wa Pemba, kisiwa kisicho na reli, mizigo miwili kwa pamoja: lugha asiyoijua na kitu asichokijua.

Mpeni karafuu. Anajua kwamba huchumwa kabla ya kuchanua, huanikwa juani hadi zikageuka rangi, na hupungua uzito. Akiyaeleza hayo kwa Kiingereza atakuwa amepima, amelinganisha na ametaja sababu; nayo ndiyo lugha ya sayansi inayomsubiri. Vivyo hivyo maji kujaa na kupwa, au popo wa Pemba, asiyepatikana porini kwingineko duniani.

Watasema tunamfungia mtoto kisiwani. La hasha. London na ije, ila imkute ana maneno ya kuulizia njia. Walimu wetu wapewe muda na karatasi waandike vifungu hivi, na Taasisi ya Elimu Zanzibar ivihakiki. Kukariri bila kuelewa kunatugharimu zaidi.