Bandari ya Malindi ni Amana

Septemba 2023 Serikali iliikabidhi kampuni ya Africa Global Logistics uendeshaji wa bandari ya Malindi. Ndugu msomaji, hatupingi mgeni kupewa kazi. Meli zikichelewa kupakuliwa, mchele na unga hupanda bei kwa maskini. Tunalouliza ni jengine: nani atamtaka hesabu mwendeshaji? Dar es Salaam iliwapa City Water huduma ya maji mwaka 2003. Mwaka 2005 mkataba ukavunjwa kwa ugomvi. Mwenye mali humwandikia masharti wakala wake mbele ya mashahidi. Mwenye bandari ni umma. Basi masharti, muda na ada viwekwe wazi, Baraza la Wawakilishi livihoji, na wachukuzi wa Malindi wasisahauliwe. Amana isiyoulizwa hesabu hugeuka mali ya aliyeishika.