Fundi Mmoja Tu

Ingia nyumba ya Mkristo hapa Chiwata, huenda ukaikuta ukutani picha ya Karamu ya Mwisho, na chini yake jina la mchoraji: Leonardo da Vinci. Sasa uliza ni nani aliyeuchonga msalaba wa kanisani. Mimi niliuliza. Mzee mmoja akanijibu, "Ah, fundi mmoja tu. Marehemu sasa."

Jibu hilo liliniudhi, na bado linaniudhi.

Leonardo aliichora kazi ile katika chumba cha kulia cha watawa, mjini Milano, kati ya mwaka 1495 na 1498. Hakupaka rangi juu ya lipu mbichi kama ilivyokuwa desturi, bali juu ya ukuta mkavu. Rangi ikaanza kubanduka angali hai. Mwaka 1652 ukatobolewa mlango, miguu ya Yesu ikakatwa. Wengine wakaja kupaka rangi zao juu yake. Mafundi walioisafisha tangu 1978 hadi 1999, wakichungulia kwa hadubini, walikuta sehemu kubwa ya rangi ya Leonardo imekwisha kupotea. Hata hivyo twajua alivyofanya kazi, kwa kuwa Matteo Bandello, aliyemwona akiwa bado kijana, aliandika: siku nyingine alichora tangu alfajiri bila kula, kisha akakaa siku kadhaa asiguse brashi.

Ukuta uliharibika, maandishi yakabaki.

Kuna watakaosema kwamba yule alikuwa bingwa wa dunia, na wetu ni wachongaji wa kijijini. Hoja dhaifu! Elimo Njau wa Marangu alichora maisha ya Yesu katika kanisa la Murang'a, Kenya, miaka ya 1950, akamweka Bwana katika nchi ya Wakikuyu. Tunamjua kwa sababu jina lake liliandikwa. Je, wangapi wa nyanda hizi za Makonde tumewazika pamoja na majina yao?

Sisi hatudai hadubini. Twahitaji daftari na kalamu: nani alichonga, mwaka gani, mti gani, alifundishwa na nani, nani aliuziba ufa. Anayeshindwa hata hilo asijisifu kwamba anaheshimu vitu vitakatifu.

Nilimwendea mjane wa fundi yule. Alilitaja jina la mumewe papo hapo, na mti aliouchonga, na mahali alipoukata. Miaka yote hiyo alikaa nyuma ya kanisa, wala hakuna aliyemwuliza.