Si Sensa Inayomaliza Chaji

Lubumbashi ni mji uliozoea delestaji, yaani mgao wa umeme. Umeme wa shirika la SNEL ukiondoka jioni, chaji iliyobaki kwenye simu ndiyo ya kulala nayo, na maneno mengi yanayosemwa kuhusu kinachoimaliza hayana msingi.

“Prosesa mbili hula mara mbili.” Sivyo. Prosesa ndogo ya kusimamia sensa imewekwa ili ile kuu ipate kulala. iPhone 5s ya mwaka 2013 ilikuwa na prosesa ndogo ya M7, iliyokusanya vipimo vya mwendo huku prosesa kuu, A7, ikiwa imepumzika. Kwenye ESP32, chipu ya bei nafuu, prosesa kuu ikiwa macho hula makumi ya miliampea. Ikilala na kuiachia ndogo zamu, matumizi hushuka hadi mikroampea 150 hivi: haifiki hata sehemu moja ya mia.

“Basi zima sensa zote.” Sensa ya mwendo yenyewe hula kidogo mno. Gharama iko katika kuiamsha prosesa kuu.

“Kila kipimo kipelekwe papo hapo, la sivyo kitapotea.” Dai hili ndilo linaloharibu vifaa vingi. Sensa inayopima mara 50 kwa sekunde hutoa vipimo 3,000 kwa dakika. Ukivipeleka kimoja kimoja, prosesa kuu hailali kamwe. Inavyofaa, prosesa ndogo ivipange kwenye foleni ya kumbukumbu yake, itume ishara moja ya kuamsha, kisha kubwa ivichukue vyote kwa mkupuo. Android iliruhusu utaratibu huo tangu toleo la 4.4, mwaka huohuo wa 2013. Ni kweli foleni hujaa. Ikijaa, sensa ya aina ya kuamsha huiita prosesa kuu kabla hakijapotea kitu. Ile isiyo ya kuamsha hufuta vipimo vya zamani. Kwa hiyo data hupotea kwa sababu ya aina iliyochaguliwa, na anayechagua ni mwandishi wa programu.

“Kumbukumbu ya pamoja kati ya prosesa hizo mbili inatosha, haihitaji utaratibu.” Hatari! Kubwa ikisoma wakati ndogo haijamaliza kuandika, itapata nusu mpya na nusu ya zamani. Alama ya “tayari” iandikwe mwisho, baada ya data yote.

Vijana wa Katuba na Kampemba, hapa Lubumbashi, mnaounda vifaa vya kupima maji au joto, kabla ya kununua betri kubwa zaidi, hesabuni kwanza prosesa kuu inaamshwa mara ngapi kwa saa.