Ada imetoka kwenye belo

Leo nina kesi ya nyumbani, nanyi ndio baraza.

Mpwa wangu anasoma biashara ya kimataifa chuo kikuu. Mama yake, yaani dada yangu, anauza mitumba Ilala, na ada yote inatoka kwenye belo. Juzi kijana kaja na karatasi ya kuwasilisha Jumatatu, akatusomea kwa sauti. Anasemaje? Eti mitumba ipigwe marufuku ili viwanda vyetu vya nguo vifufuke! Dada yuko hapohapo anamenya vitunguu. Kimya. Aibu nikaona mimi.

Lakini tusimcheke haraka, kijana hakukurupuka. Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana Arusha kwamba mitumba iondoke kufikia 2019. Mwaka 2017 wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakashitaki kwa serikali yao kuwa wanaua ajira za watu. Basi bwana, vikaanza vitisho vya AGOA, ile sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa za Afrika, nguo zikiwemo, kuingia kwao bila ushuru. Kenya, yenye viwanda kibao vya kushonea soko hilo, ikajitoa mapema. Tanzania na Uganda nazo zikalegeza. Rwanda ikakaza. Ilikuwa imeshapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 nguo zake zikanyimwa ile nafuu.

Ndipo dada akaweka kisu chini.

"Baba, nguo za hicho kiwanda chako zitauzwa bei gani? Na mitumba ikiondoka, zile mpya za bei chee kutoka China umeziandika ukurasa gani?"

Kijana akapekua, akapekua. Hola! Mimi nikajifanya natafuta kiberiti.

Mwalimu wake sijui atampa maksi ngapi, ila swali hilo kwangu lilikuwa limekwenda shule.

"Mama, Jumamosi nikusindikize sokoni?" akauliza kwa sauti ndogo.

Wameondoka alfajiri, yeye kabeba daftari, mama kabeba pesa ya belo. Karatasi kaniachia mimi. Sasa semeni wenzangu: airekebishe, au aipeleke hivyohivyo?